Hofu ya Hisabati Huanza Kabla ya Hesabu Yenyewe

Yeyote aliyefundisha hisabati katika shule ya sekondari anamfahamu mwanafunzi huyu. Akiwa peke yake na daftari lake, hukokotoa mlinganyo hadi mwisho bila kukwama, na ukimwuliza kwa nini alihamishia namba fulani upande wa pili hukupa sababu iliyonyooka. Siku ya mtihani anakutana na mlinganyo wa aina ileile na kuukodolea macho kana kwamba hajawahi kuuona. Viganja vinamtoka jasho, anaandika mstari mmoja na kuufuta, anaandika mwingine na kuufuta, na alama anazopata haziwiani hata kidogo na uwezo ambao mwalimu wake ameushuhudia kwa macho. Wengi humwambia kwamba hakujiandaa, au kwamba hana kichwa cha hesabu. Mimi ni mwalimu wa somo hili, na sikubaliani na maelezo hayo mawili, kwa sababu yote yanautafuta ubaya ndani ya mwanafunzi ilhali sehemu kubwa ya kinachomwangusha iko katika mazingira yanayoizunguka hesabu.

Hofu ya hisabati si uvivu, wala si kulichukia somo. Ni wasiwasi na mkazo wa mwili unaomjia mtu anapotakiwa kushughulika na namba, kiasi cha kumzuia kufanya jambo ambalo katika hali nyingine analiweza. Wanasaikolojia wamelifuatilia jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1957 Ralph Dreger na Lewis Aiken waliandika kuhusu wasiwasi wa namba miongoni mwa wanafunzi wa chuo, wakionyesha kwamba hauwezi kuchukuliwa kuwa ni kitu kimoja na wasiwasi wa jumla wa maisha. Mwaka 1972 Frank Richardson na Richard Suinn walitoa dodoso la vipengele 98 la kuupima, na kuanzia hapo tafiti zikaongezeka. Ukubwa wa tatizo kwa vijana wa sekondari ulionekana wazi katika tathmini ya kimataifa ya PISA ya mwaka 2012, ambayo hupima wanafunzi wa miaka 15: katika nchi wanachama wa OECD, yaani Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, asilimia 59 walisema mara nyingi wanahofia kwamba vipindi vya hisabati vitakuwa vigumu kwao, asilimia 33 walisema hupatwa na mkazo mkubwa wanapofanya kazi ya nyumbani ya hisabati, na asilimia 30 walisema hujiona hawana la kufanya wanapokabiliwa na swali la somo hilo. Tukizungumzia takriban theluthi moja ya darasa, hatuzungumzii udhaifu wa mtoto mmoja mmoja.

Namna hofu inavyoharibu kazi ya akili inaeleweka vizuri zaidi kuliko watu wengi wanavyodhani, na ningependa kila mzazi aifahamu. Ubongo una uwezo wa kushikilia mambo machache tu kwa wakati mmoja huku ukiyafanyia kazi, uwezo ambao huitwa kumbukumbu tendaji. Unaweza kuufikiria kama meza ndogo: vitu vichache vikishapangwa juu yake, hakuna tena nafasi ya kingine. Chukua hesabu ya 27 mara 18 ifanywe kichwani. Mmoja ataanza na 27 mara 20, apate 540, aishikilie hiyo 540 huku akitafuta 27 mara 2, apate 54, kisha atoe 54 kwenye 540 na kubaki na 486. Hakuna hatua ngumu hapo. Ugumu uko katika kuishikilia 540 isipotee wakati akili inafanya kazi nyingine. Sasa ongeza sauti ya ndani inayosema: wenzangu wamemaliza, mwalimu ananiangalia, nitakosea tena. Sauti hiyo nayo inataka nafasi mezani, na kinachoanguka ni 540. Mwaka 2001 Mark Ashcraft na Elizabeth Kirk walionyesha jambo hili kwa majaribio. Watu wenye hofu kubwa ya hisabati walizidiwa hasa pale walipotakiwa kujumlisha namba zinazohitaji kubeba huku wakikumbuka herufi walizopewa, yaani palepale ambapo kumbukumbu tendaji inabanwa zaidi. Walichopungukiwa wakati ule ni nafasi ya kuutumia ujuzi wao.

Hapo ndipo linapokuja swali ambalo kwangu ni la msingi kuliko yote: sauti hiyo inatoka wapi, na inaanza kusikika lini? Mwaka 2012 Ian Lyons na Sian Beilock walichapisha utafiti uliochunguza shughuli za ubongo za watu wenye hofu kubwa ya hisabati walipokuwa wakioneshwa ishara kwamba swali la hisabati linakuja, na baadaye walipokuwa wakilifanya swali lenyewe. Sehemu za ubongo zinazohusika na kuhisi maumivu ya mwili, ikiwamo ile iitwayo insula, ziliamka zaidi kadiri hofu ya mtu ilivyokuwa kubwa. Ziliamka wakati wa kusubiri. Wakati wa kulifanya swali, uhusiano huo haukuonekana. Matokeo haya yanafanana sana na ninayoyaona darasani, kwani mwanafunzi anayetetemeka kabla ya karatasi kugawiwa mara nyingi hutulia akishaingia ndani ya swali la kwanza analolimudu, na anayelalamika kwamba tumbo linamkata tangu asubuhi huwa hajaandika hata namba moja.

Utafiti mwingine, ulioongozwa na Thomas Goetz na kuchapishwa mwaka 2013, unaelekea upande uleule kwa njia nyingine. Wasichana walipojaza madodoso kuhusu hisia zao kwa jumla, waliripoti hofu kubwa zaidi kuliko wavulana. Walipoulizwa hapohapo, katikati ya kipindi au katikati ya jaribio, tofauti hiyo haikuonekana. Wasichana hao hawakuwa wakidanganya popote. Walipokaa na kujitathmini walijibu kwa mujibu wa imani waliyokuwa nayo kuhusu uwezo wao, na imani hiyo ilikuwa na giza zaidi kuliko hali yao halisi walipokuwa kazini. Kwa hiyo ninaposikia mtu akisema kwamba wasichana kwa asili yao huogopa namba, ninataka kujua kwanza nani aliwaambia hivyo, na aliwaambia wakiwa na umri gani.

Hoja yangu basi ni hii. Hofu ya hisabati inakaa zaidi katika kusubiri na katika kukumbuka kuliko katika kukokotoa. Vinavyoilisha ni vile vinavyomfanya kijana ategemee kuumia: pengo la maarifa ambalo hakuna aliyemzibia, haraka inayogeuzwa kuwa kipimo cha akili, macho ya wenzake, na maneno ya watu wazima.

Nianze na pengo, kwa kuwa ndilo linalofichika zaidi. Hisabati inajengwa tabaka juu ya tabaka, na mwanafunzi anaweza kuvuka miaka kadhaa akiwa amebeba tabaka lililopasuka bila yeyote kugundua, mradi tu anakariri njia. Wengi hukwama katika sehemu, yaani namba kama nusu na theluthi. Mtoto aliyezoea kujumlisha nusu na theluthi kwa kujumlisha namba za juu na za chini, akapata mbili ya tano, anaweza kusahihishwa, akakariri kanuni kwa ajili ya mtihani wa wiki ile, kisha akaisahau. Baada ya muda anafika sekondari na kukutana na mlinganyo usemao x juu ya 2, jumlisha x juu ya 3, ni sawa na 10. Mazoea ya zamani yanarudi: anaandika 2x juu ya 5 sawa na 10, anapata 25, na hakuna kinachomshtua. Jibu sahihi ni 12, kwa kuwa asili ya pamoja, yaani namba ya chini inayozifaa 2 na 3 zote, ni 6, na upande wa kushoto unakuwa 5x juu ya 6. Mwalimu anasahihisha aljebra, anaweka alama ya kosa, anaendelea na mada, na kijana anajifunza kwamba aljebra haieleweki. Aljebra haikuwa na hatia. Kosa ni la sehemu, la miaka mingi nyuma, na kwa kuwa limejitokeza likiwa limevaa vazi la x, mwanafunzi hawezi kulitambua peke yake. Anachokijua ni kwamba alifuata hatua kwa bidii na bado akakosea, na hapo ndipo hofu inapopata mizizi, kwa sababu anayekosea bila kuelewa alikosea wapi hana namna ya kujikinga na kosa lijalo.

Xin Ma na Jiangming Xu walichapisha mwaka 2004 uchambuzi wa takwimu za wanafunzi wa Marekani waliofuatiliwa tangu darasa la 7 hadi la 12, wakakuta kwamba kufanya vibaya katika mwaka mmoja kulitabiri hofu ya mwaka uliofuata, ilhali hofu ya mwaka mmoja haikutabiri kwa kiasi kikubwa kufanya vibaya mwaka uliofuata. Mtu angeweza kuhitimisha kutokana na hayo kwamba waoga ni wale tu walio nyuma. Lakini watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2018, walikuta kwamba asilimia 77 ya watoto wenye hofu kubwa ya hisabati walikuwa na matokeo ya kawaida au ya juu. Kwa maoni yangu, matokeo haya mawili hayapingani. Kinachomwumiza kijana si lazima kiwe alama ya chini mbele ya ulimwengu. Inatosha iwe chini ya ile aliyoitegemea, au chini ya ile ya dada yake, au chini ya ile aliyoizoea kabla somo halijabadilika. Mwanafunzi bora wa shule ya msingi anayepata nusu ya alama katika jaribio lake la kwanza la sekondari anaweza kuingiwa na hofu kubwa kuliko aliyezoea kupata nusu, na walimu wake wasilione hilo kwa kuwa jina lake bado liko juu kwenye orodha.

Kipindi chenyewe cha sekondari nacho kina uzito wake. Ray Hembree, aliyekusanya na kuchambua tafiti 151 mwaka 1990, alionyesha kwamba hofu huongezeka kadiri wanafunzi wanavyopanda madarasa na kufikia kilele karibu na darasa la 9 na la 10, yaani katika umri wa miaka 14 hadi 16 hivi. Huo ni wakati ambao hisabati inaacha vitu vinavyoshikika na kuingia katika herufi, mabano na namba hasi. Ni wakati huohuo ambao maoni ya wenzake humwelemea kijana kuliko maoni ya mzazi. Mambo mawili mazito yanamfika kwa pamoja, na shule nyingi huyafunga katika tendo moja la kila siku: kuitwa ubaoni.

Naomba tulitazame tendo hilo kwa karibu. Ubaoni kuna mlinganyo: 5 − (x − 3) = 2. Kijana ameitwa ghafla. Amesimama na chaki mkononi, akiwa amewapa mgongo watu wanaomjua kwa jina. Kufungua mabano yenye alama ya kutoa mbele yake kunadai kukumbuka kwamba kila alama iliyo ndani inageuka, kwa hiyo mstari unaofuata ni 5 − x + 3 = 2, na x inakuwa 6. Nyumbani aliandika hivyo mara kadhaa. Hapa anaandika 5 − x − 3, anasita kwa kuwa kitu fulani hakijakaa sawa, na ule ukimya wa kusita, ambao kwa mtaalamu yeyote ni dalili ya akili inayojikagua, darasani unasikika kama kutojua. Mtu wa nyuma anacheka. Mwingine ananong’ona jibu. Mwalimu, kwa nia njema kabisa na kwa kubanwa na muda, anasema: “Haya, kaa, nani mwingine?” Kijana anarudi kwenye kiti kabla hajaligundua kosa ambalo alikuwa amebakiza sekunde chache tu kuligundua. Atakachokumbuka wiki ijayo si kanuni ya mabano, bali kicheko.

Sisemi ubao uondolewe. Wanafunzi wanahitaji kueleza fikra zao mbele ya wengine, na darasa ambalo hakuna anayethubutu kukosea mbele ya mwenzake ni darasa bovu. Ninachokipinga ni kumshtukiza mtu, kumpima kwa sekunde, kisha kumkatiza. Katika madarasa yangu mwanafunzi hulijua swali lake tangu kipindi kilichotangulia, huja ubaoni na mwenzake, na akisita tunamwachia ukimya hadi amalize. Haraka ni suala linalostahili kuzungumzwa peke yake. Majaribio ya kujibu maswali mengi ndani ya dakika chache yanapima jinsi mtu anavyochota haraka mambo aliyokariri, na kujua jedwali la kuzidisha bila kusita ni jambo la manufaa, kwa kuwa huacha nafasi akilini kwa kazi nyingine. Tatizo ni pale kasi inapofanywa kuwa maana ya kujua hisabati. Mwanafunzi anayefikiri kwa kina na polepole hujifunza kwamba yeye ni mzito, na hakuna kitu katika hisabati yenyewe kinachounga mkono hukumu hiyo. Hitilafu hii ni ya kwetu sisi tunaopanga mitihani, na tunaweza kuirekebisha bila kubadilisha hata mada moja ya mtaala.

Sasa nije kwa watu wazima. Mwaka 2010 Sian Beilock na wenzake walichapisha utafiti uliohusu walimu 17 wa kike wa madarasa mawili ya mwanzo nchini Marekani. Mwanzoni mwa mwaka hapakuwa na uhusiano kati ya hofu ya mwalimu na uwezo wa wanafunzi wake. Mwishoni mwa mwaka, kadiri mwalimu alivyokuwa na hofu zaidi, ndivyo wasichana wake walivyoelekea kuamini kwamba hisabati ni ya wavulana, na wasichana walioamini hivyo walikuwa na matokeo ya chini zaidi. Wavulana hawakuathirika kwa namna hiyo. Miaka mitano baadaye Erin Maloney na wenzake waligusa nyumbani: watoto wa wazazi wenye hofu ya hisabati walijifunza hisabati kwa kiasi kidogo kuliko wengine na wakawa na hofu zaidi kufikia mwisho wa mwaka, lakini pale tu wazazi hao walipokuwa wakiwasaidia mara kwa mara kazi za nyumbani. Utafiti huu hunisikitisha kila ninapoufikiria, kwa kuwa unawahusu wazazi waliojitahidi. Mzazi amekaa mezani na mwanawe, amechoka, anataka kusaidia, na kila anapokwama anashusha pumzi na kusema kwamba hata yeye hesabu zilimshinda. Anadhani anamfariji. Mtoto anasikia kwamba kushindwa huku ni jambo la ukoo.

Tafiti zote mbili zilihusu watoto wadogo, na nazitaja hapa kwa kuwa kijana anapofika sekondari anakuwa ameshayasikia maneno hayo kwa miaka. Urithi wa damu nao haupuuzwi: uchunguzi wa mapacha uliochapishwa na Zhe Wang na wenzake mwaka 2014 ulikadiria kwamba karibu asilimia 40 ya tofauti za hofu ya hisabati baina ya watoto zinatokana na vinasaba. Hiyo inaacha sehemu kubwa zaidi mikononi mwetu.

Kuhusu tiba, ninashauri tahadhari. Mwaka 2011 Gerardo Ramirez na Sian Beilock waliripoti kwamba wanafunzi walioandika kuhusu wasiwasi wao kwa dakika 10 kabla tu ya mtihani walifanya vizuri zaidi, na habari hiyo ilienea sana. Watafiti wengine waliporudia baadaye jaribio la maabara hawakuyapata matokeo yale. Sioni ubaya wa mwanafunzi kuandika anachokihofia, ila singejenga sera ya shule juu ya dakika hizo. Ninaipa uzito zaidi kazi ya Kaustubh Supekar na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford ya mwaka 2015, ambapo watoto wa darasa la 3 walifundishwa mmoja mmoja kwa wiki 8, na wale waliokuwa na hofu kubwa walipungukiwa na hofu hiyo, na hata mwitikio wa ubongo wao katika eneo linalohusika na woga ukatulia. Hawakuepushwa na hisabati. Walipewa hisabati zaidi, kwa ukaribu, na mtu aliyekuwa na muda wa kusubiri.

Jambo hilo linanihusu kwa sababu njia ambayo shule nyingi huchagua ni ya kinyume. Mwanafunzi anapoonyesha hofu anapunguziwa: anapewa maswali mepesi, anaruhusiwa kuliacha somo mapema, au anaachwa nyuma ya darasa bila kuulizwa chochote, na kila mtu anahisi kwamba amemhurumia. Hofu inashuka kwa muda, kama inavyoshuka kwa yeyote anayekimbia kinachomtisha, huku pengo la maarifa likipanuka, na mtihani ujao unamkuta akiwa na sababu ya kweli ya kuogopa. Akiuliza kwa sauti ya chini, “Mwalimu, mimi niliache tu hili somo?”, kabla ya kumjibu mimi hulifungua daftari lake na kurudi nyuma pamoja naye, ukurasa kwa ukurasa, hadi tufike mahali ambapo alikuwa bado anaelewa, na mara nyingi mahali hapo huwa ni sehemu, au namba hasi, au mabano. Kazi ya kuziba pengo la namna hiyo haihitaji kipaji cha mwanafunzi wala cha mwalimu. Inahitaji saa chache ambazo hazijatengwa katika ratiba nyingi za shule, na ningependa wanaopanga ratiba hizo wazitenge mwanzoni mwa mwaka, kabla ya jaribio la kwanza kugawiwa.